Shangazi Upande wa Wazima

Mwaka huu, katika miezi ile ambayo ukungu wa Karatu hauondoki mpaka jua liwe juu kabisa, nilialikwa kwenye mkutano wa watafiti wa saratani ya umio, yaani kansa ya ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Ulifanyika kwenye loji moja kando ya barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro, mojawapo ya zile loji zenye majani yanayomwagiliwa asubuhi na jioni wakati vijiji vilivyo chini yake vinachota maji kwa foleni. Nilialikwa kwa sababu nafundisha baiolojia sekondari, na nadhani mtu fulani wilayani alitakiwa kupeleka walimu wa kujaza viti. Sikujua nani atazungumza. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na meza ya chai, namenya yai, pale mwenyekiti aliposema tumkaribishe mzee wetu, Profesa Aloyce, aliyeianza kazi hii hapahapa Karatu wakati baadhi yetu tulikuwa bado hatujazaliwa. Watu wakapiga makofi. Mimi niliweka yai langu kwenye sahani na sikulila tena.

Amezeeka vizuri, nami sikupenda kuona hivyo. Nywele nyeupe, koti zuri, sauti ileile ya mtu anayejisikiliza. Alionyesha ramani. Alieleza kwamba zamani dunia iliposema ugonjwa huu ilitazama Uchina na kaskazini mwa Uajemi, ambako watafiti wa kwanza walikaa na watu majumbani wakipima joto la chai yao. Siku hizi macho yamegeukia ukanda wetu, kuanzia Ethiopia, kushuka Kenya na Tanzania mpaka Malawi na mbele, ambako unakamata hata vijana wasiovuta sigara, na hakuna aliyeweza bado kusema sababu ni moja. Akapitia washukiwa wake mmoja mmoja: chai ya moto sana, moshi wa kuni ndani ya nyumba, pombe za kienyeji, tumbaku, meno mabovu, maji yetu haya yanayotia meno rangi ya kahawia, vinasaba. Vijana wenye kompyuta mapajani walikuwa wakiandika. Kisha akasema kazi ile ya kwanza ya Karatu ndiyo iliyomfungulia njia, na kwamba anawashukuru sana wananchi wa Karatu na Ngorongoro kwa ukarimu wao. Nilikaa pale nikihisi hasira ambayo nilidhani umri umeipunguza. Haikupungua. Ilikuwa imekaa tu.

Habari za kwetu nitaziacha, hazihusiki. Itoshe kwamba mwaka kazi ile ilipoanza nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, najua Kiswahili cha shule na Kiiraqw cha nyumbani, na Daktari Aloyce, ambaye bado hakuwa profesa, alihitaji mkalimani. Lami ilikuwa haijafika Karatu. Vumbi jekundu liliingia hadi kwenye sukari. Watafiti walipanga nyumba mtaa wa juu, yenye sebule iliyojaa makochi ya zambarau yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kusuka, na friji ambayo, kwa kuwa umeme ulikuja ulipotaka, ilitumika kama kabati ya vipimajoto na chupa za damu. Mimi nililala chumba kilichokuwa stoo, chenye harufu ya mbegu za mahindi zilizotiwa dawa. Jikoni alitawala Mama Neema, nesi kutoka Marangu, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyepika machalari, zile ndizi na nyama za Uchagani, kila Jumapili na kutuita sisi wenyeji watu wa mbaazi. Alinichosha sana miezi ya mwanzo. Hakuna alichokiona Karatu ambacho kwao hakikuwa bora, kuanzia ndizi mpaka mapadre. Nilikula machalari yake nikiwa nimenuna, na yalikuwa matamu, jambo lililonikera zaidi.

Mezani ndipo nilipoielewa kazi. Daktari alipenda kufundisha akiwa anakula, uma mkononi. Kwa kila mgonjwa aliyepatikana hospitali, alisema, tunatafuta mtu mzima wa afya, wa jinsia hiyohiyo, umri unaokaribiana, kata hiyohiyo. Tunawauliza wote wawili maswali yaleyale. Kinachowatofautisha ndicho tunachokishuku. Kwa hiyo wazima wanahitajika kama wagonjwa wanavyohitajika, maana bila wao huna cha kulinganisha nacho. Ilinipendeza, sitasema uongo. Mpaka leo nikiwafundisha wanafunzi wangu jambo hilo natumia karibu maneno yake. Swali la chai lilikuwa la mwisho kila mahali. Mtu anapika chai kama kawaida yake, anaimimina, Mama Neema anatumbukiza kipimajoto kikombeni, na mtu akisema sasa nakunywa, joto linasomwa. Wenyeji waliona ni kichekesho kwamba mtu amesoma mpaka Ulaya ili aje apime chai ya kijiji kama Endabash.

Kabla ya hilo la chai kulikuwa na swali jingine, na juu ya swali hilo mimi na Daktari tulianza kutokuelewana tangu wiki ya kwanza. Je, unapata shida kumeza? Nilimwambia kwamba kwetu swali hilo halijibiwi mbele za watu. Mtu akisema chakula hakipiti, wanaosikia hawafikirii umio, wanafikiria alikula kwa nani mara ya mwisho. Kusema simezi ni kusema nimelishwa kitu, na kusema nimelishwa ni kumnyooshea mtu kidole hata kama hukutaja jina. Ukoo mzima unaweza kugawanyika, wazee wakaitwa, wakaapishana. Kwa hiyo watu hukaa kimya, hukonda, husema ni vidonda vya tumbo, na hospitali hufika wakiwa hawawezi kumeza hata mate. Daktari alinisikiliza akitabasamu. Akasema hizo ni imani, na kwamba mtu akiulizwa vizuri hujibu vizuri. Basi tukaendelea kuuliza viwanjani, majirani wamezunguka gari, na kila mtu akajibu hapana, nakula kila kitu. Yeye alifurahia majibu hayo kwa sababu yalikuwa safi.

Mara chache tulipanda hifadhini, kupitia geti na msitu wenye baridi, tukaambaa ukingo wa kreta na kuendelea mbali hadi Kakesio kwa wafugaji. Siku moja mama mmoja wa Kimaasai alikataa kabisa. Alikuwa amechemsha chai ya maziwa, ameishika mkononi, na Mama Neema alipomsogelea na kipimajoto akarudi nyuma. "Chai yangu usiitie hicho kichuma," alisema kwa Kiswahili chake cha mnadani. Daktari akaanza kueleza umuhimu wa utafiti. Yule mama akamkatiza. "Daktari wa ng'ombe akija hapa, akiona ng'ombe anakohoa, anapiga sindano. Wewe unakuja kuuliza ng'ombe huwa anakunywa maji gani, halafu unapanda gari." Wanawake waliokuwa naye wakacheka. Njia nzima ya kurudi Daktari alilalamika kwamba wafugaji ni wagumu. Mimi nilitazama dirishani nikamwazia yule mama mema yote ya dunia.

Ndipo tukafika Endabash, kwa shangazi yangu Martina. Alikuwa mjane, mkulima, mwanamke wa maneno makali, na mwaka ule alikuwa kwenye ugomvi na wifi yake, Mama Bura, dada wa marehemu mume wake, ambaye mashamba yao yalitenganishwa na mstari wa mbaazi tu. Ugomvi wa mpaka walikuwa nao siku zote, huo ulikuwa kama mchezo wao. Lakini kwenye kipaimara cha mjukuu wa Mama Bura, shangazi alipewa sahani ya nyama na wali, akaishika, akazungumza na watu, na mwisho akairudisha kama alivyopewa. Kila mtu aliona. Kwetu ukirudisha sahani iliyojaa kwenye sherehe ya mtu umemwambia mbele ya wageni wake kwamba humwamini yeye wala mkono wake. Mama Bura hakumsalimu tangu siku hiyo. Nilipomuuliza shangazi kwa nini alifanya vile, alisema nyama ilikuwa ngumu, na akaanza kuniuliza habari za kuolewa ili ninyamaze.

Daktari alimchagua kwa sababu umri wake ulilingana na wa mgonjwa mmoja wa kata ileile. Nilisema ni shangazi yangu. Akasema vizuri, basi hatutapoteza muda. Tulikaa uwanjani karibu na kihenge, majirani wakaja kutazama gari, na Mama Bura akasimama kwenye mbaazi zake, jembe mkononi, bila kulima. Maswali yakaenda. Tumbaku, hapana. Pombe, kidogo, misibani na arusini. Kuni, ndiyo, apikie nini tena. Kisha nikatafsiri lile swali. Shangazi hakunitazama mimi. Aligeuza macho kwenye mbaazi, akapandisha sauti ili ifike. "Nakula kila kitu. Mwambie aandike hivyo." Nilitafsiri alichosema, kisha nikaongeza kwa Kiswahili kwamba tafadhali, Daktari, swali hili alirudie tukiwa ndani, sisi watatu tu. Akanijibu bila kuinua kichwa. "Kazi yako ni kutafsiri, Paska, siyo kushauri."

Chai ikaja. Shangazi yangu alijulikana kijiji kizima kwa chai ya moto. Tulipokuwa wadogo tulimtania kwamba mdomo wake una bati ndani, maana aliinywa ikitokota wakati sisi bado tunaipuliza. Siku ile alikishika kikombe kwa mikono miwili akazungumza habari za mvua. Mama Neema kashika kipimajoto, anasubiri. Utando wa maziwa ukaganda juu. Ndipo akasema, haya, nakunywa, akameza kidogo kidogo, na kila akimeza mkono wake ulikwenda kifuani. Daktari akauliza kama huwa anakunywa hivyo. Akasema ndiyo. Nikasema siyo kweli, na Daktari akaandika lile joto. Kwa hiyo chai aliyoiacha ipoe kwa sababu umio wake ulikuwa umeanza kuziba ikahesabiwa kuwa chai ya mtu mwenye afya, anayekunywa vuguvugu na ndiyo maana ni mzima. Ukisikia mtaalamu akisema wazima huinywa chai ikiwa imepoa zaidi kuliko wagonjwa, ujue katika joto hilo limo pia la kikombe cha shangazi yangu.

Hatukuondoka bila kula, isingewezekana. Alikuwa amechinja kuku. Tuliingia ndani, chumba cha mbele chenye kalenda ya parokia na viti vya mbao, ugali ukawekwa katikati, na kwa kuwa mwenyeji hawezi kuwaacha wageni wale peke yao, naye akanawa akamega. Alitafuna tonge lile mpaka nikaacha kutafuna la kwangu. Kisha akageuka upande kama anayejifunga kanga, na alipogeuka tena mdomo ulikuwa mtupu. Akanywa maji kushushia kisichokuwepo, maji yakamrudi puani, akayageuza kikohozi. Daktari alikuwa anamtazama. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeambiwa mara nyingi kwamba huenda hakuona. Aliona. Aliweka kijiko chini, akamtazama shangazi yangu muda wa kutosha mtu kufikiri jambo na kulimaliza, kisha akaomba chumvi.

Jioni ile, kwenye gari, nilimweleza yote kwa utaratibu kama mtu anayejibu mtihani: sahani iliyorudishwa, chai iliyopoa, tonge kwenye kanga, Mama Bura kwenye mbaazi. Tulipofika nilikwenda jikoni kuosha masufuria, na wao wakakaa mezani kula viporo, mlango wazi. Mama Neema ndiye aliyeanza. "Aloyce, yule mama hamezi. Hata wewe umeona."

"Amejibu hapana."

"Amejibu hapana kwa kuwa wifi yake alikuwa amesimama pale na jembe. Binti amekueleza."

"Nikimtoa huyu, nawatoa wangapi? Kila anayekohoa mezani?"

"Usimtoe tu. Rudi kesho. Kaa pale uwanjani kwake, useme mbele ya majirani kwamba huu ni ugonjwa, una jina lake, hautoki jikoni kwa mtu. Wewe ndiye daktari. Wakisikia kwako, atakubali kwenda Moshi akapimwe."

Nilifunga bomba ili nisikie. Daktari akajibu taratibu, bila hasira hata kidogo. "Na keshokutwa kata nzima itanijibu ninachotaka kusikia. Nikisema ni ugonjwa, wataniuliza unaletwa na nini. Nikitaja chai, hakuna atakayeshika kikombe cha moto mbele yangu. Nikitaja moshi, wote watakuwa wanapikia nje. Kazi yote inakufa."

"Na yeye?"

"Mama Neema, mimi sikuja Endabash kutibu. Nimekuja kuuliza."

Kiti kikasogezwa. "Haya," Mama Neema akasema. "Endelea kuuliza." Akaja jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani nilizokuwa nimeosha. Tangu siku ile sikumnunia tena, hata alipowasema watu wa mbaazi.

Nimefundisha miaka mingi na najua hoja ya Daktari ilikuwa nzuri. Ukimwambia mtu jibu kabla hujamuuliza, umeliharibu swali, na utafiti ulioharibika haumsaidii mgonjwa wa leo wala wa kesho. Ndiyo maana sijamsamehe. Angekuwa mjinga ningemsamehe mapema, wajinga tunao wengi na tunaishi nao. Yeye aliweka shangazi yangu upande mmoja na maswali yake upande wa pili, akapima, akachagua, akala chakula chake akamaliza. Kuna watu huniuliza kama huwa najilaumu. Sijilaumu. Jumapili iliyofuata nilikwenda mwenyewe Endabash, nikasimama baada ya misa, nikawaambia watu kwamba kutokumeza ni ugonjwa. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole nimesomea udaktari mwaka gani, na wote wakatawanyika. Waliyekuwa tayari kumsikia alikuwa mmoja, na huyo alikuwa Karatu akipanga kata itakayofuata.

Mvua za masika zilipoanza, shangazi alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilimsihi twende Moshi, ambako kulikuwa na kipimo cha mpira wenye kamera unaoshushwa kooni. Alikataa. "Nikipanda basi kwenda hospitali kubwa kwa sababu ya koo," alisema, "kabla sijafika hata njia panda ya Makuyuni huku watakuwa wameshamchoma yule mwanamke nyumba." Alisema yule mwanamke kwa chuki kabisa. Hakumpenda Mama Bura na hakutaka apendwe na mtu mwingine. Ila hakutaka kumwachia laana ambayo haikuwa yake. Kwa upande wa pili, Mama Bura alikuwa anaungua kwa macho ya watu. Kanisani watu walianza kusogea akikaa. Akina mama wa jumuiya walipokwenda kwake walisema wametoka kula. Akavumilia, mwishowe akashindwa, akaja asubuhi moja na wazee wawili wa kitongoji. Nilikuwepo, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Alisimama pembeni mwa uwanja na hakuomba kuketi.

"Watu wananitazama," alisema. "Wewe hunisemi, unakonda tu, na kukonda kwako kunasema. Mbele ya wazee hawa, sema leo. Nimekulisha nini?"

Shangazi alikuwa amekaa juani, kanga mbili mabegani. Alimtazama muda mrefu. "Kwako kuna uji?"

"Upo."

"Nenda kaulete."

Mama Bura akavuka mbaazi, akarudi na kikombe cha bati kimejaa uji wa mtama, unafuka. Shangazi alikipokea, akaanza kunywa. Sijui nielezeje. Kila funda lilimchukua muda kama mtu anayepandisha gunia mlimani. Alifumba macho, mkono kifuani, shingo imekaza, na funda jingine lilirudi mdomoni akalimeza upya kwa nguvu, machozi yakimtoka ambayo hayakuwa ya kulia. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi nilitaka kumnyang'anya kikombe, akanizuia kwa kiwiko. Mama Bura alikuwa amesimama na mikono kiunoni, ikashuka yenyewe, mwisho akachuchumaa chini. Shangazi alimaliza uji wote. Akakigeuza kikombe kuonyesha kwamba hakina kitu, akapumzika, kisha akasema kwa sauti iliyobaki, "Wazee, mmeona. Nimekunywa cha mkono wake. Neno la chakula sina naye. La mpaka ninalo. Sasa achukue kikombe chake aondoke uwanjani kwangu."

Baada ya hapo ndipo alipokubali safari. Mama Neema alichukua likizo bila kumuaga Daktari vizuri, akaja nasi, akamshika shangazi mkono mmoja na mimi mwingine. Moshi walishusha ule mpira na haukupita. Njia ilikuwa imeziba. Daktari wa pale, mwanamke kijana, alituketisha akasema walichoweza ni kupunguza maumivu na kumlisha kwa mrija, na kwamba wengi huletwa hali ikiwa imefikia hapa, hajui kwa nini hawaji mapema. Mama Neema akatazama ukuta. Kwenye benchi la korido shangazi aliniuliza huo ugonjwa unaitwaje. Nikamwambia. Akalirudia jina, akilijaribu mdomoni. "Kumbe lina jina. Na yule wa chai, alikuwa halijui?"

"Alikuwa analijua."

Akaegemeza kichwa ukutani. "Mimi nilinyamaza kwa ajili ya wifi yangu," akasema. "Yeye alinyamaza kwa ajili ya nani?"

Alikufa kabla mbaazi hazijakauka. Mama Bura alipika msiba mzima, akiwagombeza watu kuhusu kuni na maji, na watu wakala kwake mpaka sufuria zikaisha, kwa kuwa uji ule wote walikuwa wamesikia habari zake. Naye alilia kaburini kwa sauti kubwa, na wiki iliyofuata akasogeza mpaka. Daktari hakuja. Nilirudi Karatu nikamkuta sebuleni, kwenye kochi la zambarau, anapanga majibu ya kata zote. Alinipa pole, nikaipokea. Kisha nikamwambia amtoe shangazi yangu upande wa wazima. Alivua miwani akaifuta, tabia yake akitaka kusema jambo ambalo ameshaliamua. Alisema utafiti unamchukua mtu kama alivyokuwa siku ya kuulizwa, na siku ile, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mzima. Nilifunga mabegi yangu mchana uleule. Mama Neema akanifungia machalari kwenye kontena la siagi na kunisindikiza mpaka stendi akimlaani Daktari kwa Kichaga, lugha ambayo sikuijua na siku hiyo niliielewa yote.

Kwa hiyo nilipokaa kule nyuma loji, nikimsikiliza anashukuru ukarimu wetu, nilijua nitainua mkono. Kijana mmoja aliniletea maikrofoni. Nilijitambulisha: Paskalina, mwalimu, niliyekuwa mkalimani wa Profesa katika kazi ile ya kwanza. Akafurahi. Akanyoosha mikono kama anayetaka kunikumbatia kutoka jukwaani, akawaambia watu, huyu ndiye Paska wetu. Nikangoja wamalize makofi.

"Profesa, naomba kuuliza. Martina wa Endabash, shangazi yangu, katika kazi ile yuko upande gani? Wa wagonjwa au wa wazima?"

Alivua miwani. Nilimwona anakumbuka, sina shaka, na nilifurahi kwamba anakumbuka. Vijana walikuwa wameacha kuandika. "Mwalimu," alisema, "matokeo ya utafiti hayabebwi na mtu mmoja. Hata tukimwondoa, mwelekeo unabaki uleule."

"Najua. Mwelekeo nawafundisha watoto. Nimeuliza yuko wapi."

"Aliwekwa kwa wazima, kulingana na majibu ya siku ile."

"Na leo?"

"Kazi ikishachapishwa haiguswi tena. Atakuwa bado yupo hapo hapo."

Mwenyekiti alikuwa amekuja mpaka kwenye safu yangu, amenyoosha mkono akitaka maikrofoni, anatabasamu kwa adabu. Niliishika kwa mikono miwili.

"Kama kwenu bado ni mzima," nikasema, "basi nirudishieni."